Alikula Nini? Swali Lisilotosha Wodini

"Mtoto alikula nini jana, mama?"

"Alikula vizuri, sista. Ugali na mboga, halafu akanywa chai."

Mazungumzo kama haya hayakosekani siku ya kliniki, iwe katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia upande wa Kenya, iwe Masafu au Tororo upande wa Uganda. Mwanafunzi wa uuguzi anaandika jibu, anatia alama kwenye kadi, anamwita anayefuata. Mama hakudanganya. Chakula kilikuwapo na mtoto alishiba. Ila viganja vya mtoto vimepauka, nywele zimekuwa nyepesi zenye rangi ya kutu, na mizani inasoma uzito uleule wa miezi miwili iliyopita.

Vitabu vya uuguzi huiweka lishe katika sura moja na mmeng'enyo wa chakula katika sura nyingine. Katika moja unakariri makundi ya vyakula. Katika nyingine unachora umio, tumbo, ini, kongosho na utumbo, kisha unaandika majina ya vimeng'enya pembeni. Mwanafunzi anaweza kufaulu mitihani yote miwili bila kuziunganisha sura hizo hata siku moja. Kwa maoni yangu kasoro inaanzia hapo. Chakula kilicho ndani ya utumbo bado hakijaingia mwilini. Kiko katika mfereji ulio wazi juu na chini, na hakiwi mali ya mtu mpaka kipenye ukuta wa mfereji huo. Muuguzi ana kazi ya kukifuata hadi pale.

Tuanze na sahani yenyewe, maana ni sahani nzuri kuliko wageni wengi wanavyoidhania. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi Februari 2018, malori hukaguliwa mara moja badala ya mbili, lakini akina mama wenye vikapu walikuwa wakivuka na unga, samaki na mboga tangu zamani, kituo kiwepo kisiwepo. Ukizunguka soko la Sofia upande wa Uganda, au masoko ya upande wa pili, utakuta vitu vilevile: unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi au mtama, omena ambao wakivuka huitwa mukene, kunde, mrenda, managu, maharage, karanga, simsim na viazi vitamu. Wasamia, Wateso, Wakhayo na Jopadhola wanapika kwa mikono tofauti, ila vyungu vinafanana.

Unga ule wa mchanganyiko una busara yake. Unga wa muhogo mtupu una gramu 2 hivi tu za protini katika kila gramu 100, wakati wa mahindi una 8 au 9. Wimbi huongeza protini kidogo na kalisi nyingi, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, kiasi ambacho nafaka nyingine hazikikaribii. Omena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo hutoa kalisi, zinki, vitamini B12 na protini kamili kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Anayesema watu wa huku hawajui kula hajaitazama sahani vizuri. Taabu iko mbele zaidi.

Mdomoni hatukai sana. Mate yana kimeng'enya cha amilesi kinachoanza kuukata wanga, ingawa mla ugali hutafuna kidogo na kumeza haraka, kwa hiyo kazi kubwa huachiwa kongosho. Tumboni kuna asidi kali inayoua vijidudu vingi na kumwezesha pepsini kuzikata protini. Chakula hukaa humo saa mbili hadi nne, zaidi kikiwa na mafuta mengi.

Jambo ambalo mwanafunzi hufundishwa kwa haraka mno ni udogo wa tumbo la mtoto. Hubeba gramu 30 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye kilo 10 hawezi kupokea zaidi ya mililita 300 kwa mlo mmoja, hata ukimbembeleza kwa nyimbo zote za kijijini. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto wa umri huo anayeendelea kunyonya anahitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Sasa piga hesabu. Uji mwepesi, ule unaomiminika kama maji ya mchele, huwa na kilokalori 40 hivi katika mililita 100. Tumbo likijaa pomoni linapata kilokalori 120. Ili afike 550 itabidi ajazwe karibu mara tano kila siku, asitapike, asikatae, asiugue. Hakuna mama anayeliweza hilo akiwa na shamba la kupalilia na genge la kufungua. Mtoto atalala ameshiba, na bado atakonda.

Ushauri wa kawaida ni kuufanya uji mzito, na ni ushauri sahihi, ila mama hujibu kwamba mtoto anakabwa. Naye ni mkweli. Wanga ukipikwa hunyonya maji na kuvimba hadi kijiko kinasimama. Jibu la tatizo hili limo kwenye nyumba nyingi za Wateso, wa Kenya na wa Uganda, likitumika kwa shughuli nyingine kabisa. Ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, hutengenezwa kwa kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa, ikachipua, ikakaushwa na kusagwa. Nafaka inapochipua hutengeneza amilesi kwa wingi, kimeng'enya cha jamii ileile iliyo katika mate na kongosho. Kijiko kidogo cha unga wa kimea kikikorogwa ndani ya uji mzito uliopoa kidogo, wenye joto lakini usiochemka, baada ya dakika chache uji hulainika bila kuongezwa hata tone la maji. Kisha hurudishwa motoni uchemke, kwa ajili ya usalama. Bakuli sasa linanyweka, na kilokalori zake zote zimebaki. Likiongezwa kijiko cha karanga au simsim iliyopondwa, mililita 300 zile zinaweza kuvuka kilokalori 300, na milo miwili inatosha mahali pa mitano.

Kuna tahadhari: kimea kilichoota ukungu kitupwe, machipukizi yaondolewe, na kimea cha wimbi ni salama kuliko cha mtama, ambao machipukizi yake hubeba sumu ya sayanaidi. Hata hivyo inanishangaza kwamba mpika pombe anaijua nguvu ya kimea kuliko bango la lishe lililobandikwa kwenye ukuta wa kliniki.

Kutoka tumboni tunaingia katika utumbo mwembamba, mita 6 hivi za kazi ngumu. Kongosho humimina vimeng'enya vyake, ini huleta nyongo ya kuyavunjavunja mafuta, na ukuta wenyewe umejaa vijidole vidogo mno viitwavyo vili, vinavyoutanua uso wa kufyonza. Vitabu vya zamani vilidai eneo hilo lingefunika uwanja wa tenisi. Vipimo vya karibuni vimelipunguza hadi mita 30 hivi za mraba, na hizo bado ni nyingi kwa kitu kinachokunjwa ndani ya tumbo la mtu.

Madini ya chuma hufyonzwa mwanzoni kabisa mwa utumbo huu, na hapa ile chai ya mama inarudi kwenye hesabu. Chuma kilicho katika nyama na samaki hupenya kwa wepesi. Kile cha mboga, maharage na wimbi hupenya kwa shida. Mara nyingi ni sehemu ndogo tu, pengine miligramu 1 kati ya 10. Wimbi na maharage vina faiteti inayokishika chuma kisiachiliwe. Chai ina tanini zinazofanya vivyo hivyo, na kikombe kimoja kikinywewa pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma kinachopenya kwa zaidi ya nusu. Mama aliyempa mtoto mboga nyingi za kijani kisha chai ametoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine, na hakuna aliyemwambia. Ushauri hauna gharama: chai isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo, na mahali pake liwekwe pera, embe, papai au ndimu, kwa kuwa vitamini C hukisaidia chuma kupenya. Uji uliochachushwa usiku kucha nao hupunguza faiteti, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kwa sababu ya ladha.

Mrenda na kunde hupikwa kwa magadi au maji ya majivu ili zilainike. Sina ugomvi na mrenda wenye utelezi wake. Lakini magadi mengi huharibu vitamini C na vitamini B1, basi mkono uwe mwepesi na moto usiwe wa asubuhi hadi adhuhuri. Vitamini A nayo ina sharti lake: haipenyi vizuri pasipo mafuta. Busia na Bungoma ni miongoni mwa sehemu ambako viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vinavyoupa mwili vitamini hiyo, vilisambazwa kupitia kliniki za wajawazito kuanzia mwaka 2010, na Mganda Robert Mwanga, aliyezalisha aina kadhaa za viazi hivyo, alikuwa mmoja wa watu wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kiazi kimoja cha wastani kinamtosha mtoto kwa siku. Kikichemshwa na kuliwa kikavu, sehemu kubwa ya faida yake hupita moja kwa moja hadi chooni. Kikiandamana na karanga, hubaki.

Sasa tuchukulie mama amefanya yote hayo. Bado kuna anayekula kabla ya mtoto.

Mnyoo wa safura kwa kawaida hauingii kwa mdomo. Kiluwiluwi chake hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda koo, humezwa, na mwisho hujishikiza kwenye utumbo mwembamba, palepale chakula kinapofyonzwa. Mnyoo mmoja wa aina iliyo ya kawaida huku hunyonya mililita 0.03 hivi za damu kwa siku. Ni kiasi cha kuchekwa. Wakiwa 100, ni mililita 3 kila siku, na katika damu ya mtu mwenye afya hizo hubeba karibu miligramu 1.5 za chuma. Sehemu yake hufyonzwa tena, lakini mtoto ambaye chakula chake chote humpa miligramu 1 hivi kwa siku hawezi kulipa deni hilo. Atapauka polepole, na kwa kuwa ni polepole, nyumbani watasema ni mvivu.

Busia inajulikana katika vyuo vya uchumi duniani kwa sababu ya minyoo hii. Mwaka 1998 shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula, kusini mwa Busia ya Kenya, ziliingizwa katika mradi wa dawa za minyoo. Hazikuanza pamoja: 25 zilianza mwaka huo, 25 mwaka uliofuata, na 25 za mwisho mwaka 2001, ili zilizotangulia zilinganishwe na zilizosubiri. Upimaji wa mwanzo ulikuta zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wakiwa na angalau aina moja ya minyoo. Wanaoishi karibu na ziwa walikuwa pia na kichocho. Walipewa albendazoli, na penye kichocho prazikwanteli. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro shuleni ulipungua kwa karibu robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo. Alama za mitihani hazikupanda, na waandishi wenyewe walisema hivyo.

Mwaka 2015 watafiti wengine waliyapiga hesabu upya na kuzua mabishano makali kuhusu ukubwa wa manufaa hayo. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na mwaka 2021 ulitoka ufuatiliaji wa watoto walewale wakiwa watu wazima: waliopata dawa kwa miaka zaidi walikuwa na kipato kwa saa kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 13. Mabishano yaendelee, ndiyo kazi ya wasomi. Muuguzi anachopaswa kubeba kutoka hapo ni kwamba kidonge cha minyoo, choo kinachotumika na kiatu mguuni ni sehemu ya somo la lishe, japokuwa hakuna hata kimoja kinacholiwa mezani.

Upande wa Tororo kuna mwizi mwingine wa damu. Nagongera imewahi kuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria kali kupindukia. Kabla ya upulizaji wa dawa majumbani kuanza mwishoni mwa mwaka 2014, mtu aliweza kuumwa mara mamia kwa mwaka na mbu wenye vimelea. Kimelea cha malaria hupasua chembe za damu. Basi mtoto anayepauka Tororo anaweza kuwa na malaria, safura na chai kwa pamoja, na anayemwandikia vidonge vya chuma bila kumpima malaria ametibu theluthi ya ugonjwa.

Wapo wanaofika wakiwa wameshavuka hatua hizo: mzunguko wa mkono wa juu chini ya sentimita 11.5, au nyayo zilizovimba zinazobaki na shimo ukizibonyeza. Kwashakoo, utapiamlo wenye uvimbe huo, ilielezwa kitaalamu na Cicely Williams huko Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1933. Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na kisha Mulago, Uganda, aliitafiti kwa miaka mingi na kuandika pamoja na wenzake wawili kitabu kilichotoka mwaka 1954. Mulago ndipo kilipoanzishwa pia kituo cha lishe cha Mwanamugimu mwaka 1965. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kwashakoo ni ukosefu wa protini tu. Siku hizi wengi wanakubali mambo ni zaidi ya hapo, bakteria wa utumboni wakiwamo.

Mtoto wa namna hii anapolazwa, shangazi atakuja na mayai na supu ya kuku, na mwanafunzi atatamani kumruhusu. Asimruhusu. Vili vya mtoto huyo vimesinyaa, kongosho limepunguza vimeng'enya, ini limejaa mafuta. Akilishwa kwa pupa, homoni ya insulini hupanda na kuvuta potasiamu na fosfeti kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, moyo hulemewa, na anaweza kufa akiwa na chakula mdomoni. Ndiyo sababu siku za mwanzo hupewa maziwa ya F-75, kilokalori 75 tu na protini chini ya gramu 1 katika mililita 100, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Dawa ya chuma haitolewi katika siku hizo hata kama amepauka. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, huhamishiwa kwenye F-100 au pakiti za karanga zenye kilokalori 500 kila moja. Kumweleza shangazi haya yote bila kumdharau kuku wake ni stadi ambayo sijaona mtihani unaoipima. "Shangazi, kuku tutamla wiki ijayo, leo tumbo lake bado linajifunza," hufanya kazi kuliko hotuba.

Kuhara kutajwe kwa ufupi. Lita 9 hivi za majimaji hupita utumbo mwembamba wa mtu mzima kila siku, nyingi zikiwa zimetolewa na mwili wenyewe, na chini ya robo lita ndiyo hutoka. Ukuta ukiugua, hesabu hiyo huvurugika kwa saa chache. Sukari na chumvi katika ORS vinapenya pamoja kupitia mlango mmoja na kuyavuta maji nyuma yake, na mlango huo hubaki wazi hata katika kipindupindu. Kwa hiyo sukari ile si ya kumpa mtoto ladha, na mama hapaswi kuipunguza. Zinki hufuata kwa siku 10 hadi 14.

Mwisho wa mfereji ni utumbo mpana, ambao darasani huambulia nusu ukurasa na vicheko. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira na baadaye Mulago, aliona thamani yake. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uzito wa vinyesi: wanavijiji wa Uganda walitoa gramu 470 hivi kwa siku na chakula kikapita kwa saa 36 hivi, wakati mabaharia wa jeshi la Uingereza walitoa gramu 100 na ushei na kikakaa zaidi ya siku tatu. Tofauti aliiona katika nyuzinyuzi za mboga, maharage na unga usiokobolewa. Makundi yale mawili yalitofautiana kwa mambo mengi zaidi ya chakula, na baadhi ya madai yake yamepunguzwa makali. Lakini kiini kimesimama: bakteria wa utumbo mpana huzichachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi zinazoilisha ngozi ya utumbo wenyewe.

Mabaharia wa Burkitt leo wako mpakani Malaba, kwenye foleni ya malori. Dereva anakaa juu ya kiti siku nzima, anakula chapati ya unga mweupe na nyama ya kuchoma, anashushia soda, anajibana asipoteze nafasi yake, na maji hanywi kwa sababu choo kiko mbali na ni cha kulipia. Akifika kliniki na tumbo gumu la siku nne, dawa ya kuharisha itamsaidia leo tu. Mwulize choo kikoje, mara ngapi, kigumu kiasi gani, na maji anakunywa vikombe vingapi, kwa sababu ukimwongezea maharage na mboga bila maji atarudi amefunga zaidi. Atacheka kwanza. Kisha atajibu, na pengine atauliza kama tende zinafaa, kwa kuwa zinauzwa njiani na hazimwagiki kwenye usukani. Zinafaa.